SABUNI NI YA MIKONO, MAJIVU NI YA SUFURIA



Leo ukurasa wetu wa afya unazungumza juu ya usafi wa nyumba. Nataka kutoa maoni yangu waziwazi. Usafi hauuzwi dukani. Duka linauza sabuni. Usafi unafanywa na mikono ya watu wa nyumba yenyewe.

Nasema hivi kwa sababu. Mimi ni tabibu msaidizi katika zahanati ya kijiji, huku milimani Uluguru. Mvua za masika zikianza, benchi la zahanati hujaa akina mama waliobeba watoto wanaohara. Ninawauliza kama nyumbani wananawa mikono kwa sabuni. Jibu ninalopata mara nyingi ni hili: "Sabuni imekwisha, mganga."

Imekwenda wapi? Imesugua sufuria. Imefua nguo za shamba. Imeosha meza na viti. Kipande kimoja cha sabuni kimefanya kazi zote za nyumba. Kazi moja tu kimeiacha, nayo ndiyo kazi inayozuia kuhara.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Sabuni kidogo tuliyo nayo tuiwekee mikono kwanza. Sufuria, mitungi, vitanda na sakafu vina vitu vingine vya kuvisafishia. Vitu hivyo viko jikoni, shambani, mtoni na juu angani. Havidai fedha.

KWA NINI MIKONO KWANZA

Vijidudu vya kuhara hutoka katika choo. Havina miguu. Husafiri kwa mikono yetu, kwa maji, na kwa nzi. Mama anamsafisha mtoto, kisha anakanda unga. Baba anatoka chooni, kisha anamega ugali. Hapo ugonjwa umepata njia.

Wataalamu wa nchi nyingi wamechunguza jambo hili. Wamekuta kwamba kunawa mikono kwa sabuni hupunguza kuhara kwa karibu theluthi moja. Maana yake, pale ambapo watoto watatu wangeugua, mmoja anapona bila dawa, kwa sababu hakuugua kabisa.

Tunawe kwa sabuni nyakati hizi:

Baada ya kutoka chooni.
Baada ya kumsafisha mtoto aliyejisaidia.
Kabla ya kupika.
Kabla ya kula.
Kabla ya kumlisha mtoto.

Sabuni yoyote inafaa. Hata sabuni ya unga ya kufulia inafaa. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu. Tia vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya unga. Jaza maji, tikisa. Toboa tundu dogo katika kifuniko. Chupa hiyo itundikwe karibu na choo. Kila anayenawa akamue kidogo tu. Chupa moja itanawisha mikono mara nyingi, na hakuna kipande kitakachoanguka matopeni au kuibwa na kunguru.

Pembeni yake weka kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita tano lililokuwa la mafuta ya kula. Toboa tundu ubavuni, karibu na mdomo, kwa msumari wa moto. Litundike kwenye mti wa kulala juu ya panda mbili. Funga kamba shingoni mwa dumu, na mwisho wa kamba funga kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Hakuna mkono mchafu unaoligusa dumu. Gharama yake ni msumari na kamba.

MAJIVU SI DALILI YA UMASKINI

Sasa tuje kwenye vyombo. Wako watu wanaona aibu kusugua sufuria kwa majivu. Wanasema hayo ni mambo ya zamani, ni mambo ya wasio na uwezo. Mgeni akipita, mwenye nyumba anaficha majivu nyuma ya kinu.

Ndugu zangu, hakuna sababu ya kuona aibu. Majivu ya kuni yana chumvichumvi iitwayo potasi. Potasi ikikutana na mafuta yaliyoganda katika sufuria, inayavunja na kuyageuza kidogo kidogo kuwa kitu cha jamii ya sabuni. Ndiyo maana sufuria ya mboga ya nazi inatakata kwa majivu. Huko Ulaya watu walitengeneza sabuni kwa majivu na mafuta kwa mamia ya miaka, kabla ya viwanda vya soda kuenea katika karne ya 19. Majivu ndiyo mzee wa sabuni.

Namna ya kuyatumia ni hii. Chukua majivu yaliyopoa kabisa. Yachekeche ili kutoa mkaa na misumari. Yalowanishe kidogo. Sugua kwa kumbi la nazi, au kwa dodoki kavu. Watu wa Matombo, Kinole na Mkuyuni wana nazi. Huko juu Mgeta nazi ni za kununua, lakini dodoki likipandwa bondeni litafika hata Mgeta kwa siku ya gulio. Baada ya kusugua, suuza kwa maji safi mara mbili.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza, usiache majivu yenye maji yalale ndani ya sufuria ya alumini. Yanaila sufuria na kuitia weusi. Sugua, kisha suuza papo hapo. Ya pili, majivu yanakausha ngozi na kuwasha macho. Mwenye kidonda mkononi asiyatumie, na mtoto mdogo asiyachezee.

Maganda ya ndizi hatuyakosi Uluguru. Kausha maganda juani, yachome, utapata majivu makali kuliko ya kuni nyingi. Weka majivu hayo katika kopo lililotobolewa chini na kutandikwa nyasi. Mimina maji polepole. Maji yatakayodondoka ni ya rangi ya chai, na yanateleza ukiyagusa. Kinga kwa chombo cha plastiki au cha udongo, kisicho cha alumini. Kikombe kimoja cha maji hayo katika ndoo ya maji kinalainisha nguo za shamba zilizoloweshwa usiku mmoja. Asubuhi zitahitaji sabuni kidogo tu.

Lakini sikilizeni sana. Maji hayo ni makali. Yanaweza kuunguza koo la mtoto akiyanywa. Yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Yatengenezwe siku ya kufua, yatumike siku hiyohiyo, yanayobaki yamwagwe katika shimo la choo.

JE, MAJIVU YANATOSHA KWA MIKONO?

Swali hili huulizwa mara kwa mara. Jibu langu ni kwamba majivu ni msaada wa siku ambayo sabuni haipo kabisa. Kusugua mikono kwa majivu na maji ni bora kuliko kuinyunyizia maji tu. Lakini mwaka 2020 wataalamu walikusanya tafiti zilizofanywa juu ya majivu na kunawa mikono. Walikuta kwamba ushahidi bado ni mdogo, hautoshi kusema majivu yanalingana na sabuni.

Kwa hiyo tusijidanganye. Majivu yamepewa sufuria, na hapo yanafanya kazi vizuri. Mikono ina haki ya sabuni. Tukitumia sabuni kwenye sufuria na majivu kwenye mikono, tumepindua mambo.

MCHANGA, LIMAU, JUA NA MAJI YA MOTO

Dumu na mtungi wa maji hupata ukoga ndani. Mkono hauingii. Tia mchanga mnene uliooshwa, tia kokoto ndogo na maji kidogo. Funga, tikisa kwa nguvu mpaka uchoke. Mwaga, rudia, kisha suuza mpaka maji yatoke meupe. Fanya hivi kila juma. Maji uliyoyachemsha kwa kuni za jasho lako yasiwekwe katika dumu lenye ukoga.

Limau lina asidi. Linaondoa madoa ya chai katika vikombe, harufu ya samaki mezani na kutu kidogo kwenye kisu. Sugua kwa nusu limau na chumvi, acha kidogo, kisha suuza. Kutu na madoa ndiyo kazi yake. Limau haliui vijidudu vyote, kwa hiyo lisishike nafasi ya maji ya moto.

Maji yanayochemka ni dawa kubwa. Kitambaa cha kufutia vyombo kichemshwe. Vikombe na vijiko vya mtoto vichemshwe. Chaga za kitanda zenye kunguni zimwagiwe maji yanayochemka katika kila ufa na kila kiungo, maana kunguni na mayai yake hayastahimili moto huo. Rudia baada ya juma moja.

Jua nalo ni rafiki. Linakausha, na vijidudu vingi havipendi pakavu. Vyombo vilivyooshwa visifutwe kwa kanga yenye jasho, vipangwe juu ya kichanja vikaushwe na jua na upepo. Kichanja kiwe kirefu, kuku na mbwa wasikifikie. Magodoro, mikeka na mablanketi yatolewe nje. Huko Nyandira, Tchenzema na Bunduki ukungu ni mwingi na jua ni la saa chache. Basi saa hizo chache zisipotee. Ukungu ukifunguka tu, matandiko yatoke.

USAFI MKUBWA BAADA YA MASIKA

Familia nyingi hufanya usafi mkubwa mara moja kwa mwaka, karibu na Idi au Krismasi, kwa sababu wageni wanakuja. Si vibaya. Lakini ugonjwa haungoji sikukuu. Nashauri usafi mkubwa ufanyike mara mbili. Mara ya kwanza ni masika yakiisha, mwezi wa sita, wakati nyumba ina unyevu na ukungu. Mara ya pili ni kabla ya vuli, mwezi wa tisa, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ndani na panya wakiyafuata.

Fuateni utaratibu huu. Toeni vitu vyote nje. Anzeni juu. Ondoeni utando wa buibui na masizi ya moshi kwa ufagio wa mti mrefu, na jifungeni kitambaa puani. Kisha kuta. Zibeni nyufa kwa udongo uliokandwa vizuri. Ufa wa ukuta na wa sakafu si jambo dogo. Ndani yake hujificha papasi, ambaye hutoka usiku, humwuma mtu na kumwachia homa ya papasi. Mwenye chokaa apake, nyumba itakuwa nyeupe na wadudu wataonekana.

Mwisho ni sakafu. Nyunyizeni maji kabla ya kufagia, vumbi lisiruke vifuani mwa watoto. Sakafu ya udongo isiribwe upya na kuachwa ikauke. Sakafu yenye vumbi jingi huleta funza.

Vihenge na magunia ya mahindi vipandishwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Panya wanaharibu chakula, na mkojo wao huleta magonjwa. Viroboto vyao ndivyo vinavyoleta tauni. Wenzetu wa wilaya ya Lushoto, katika milima ya Usambara, waliipata tauni kuanzia mwaka 1980, ikawasumbua kwa miaka mingi. Mlima wa Usambara na mlima wa Uluguru ni ndugu. Tujifunze kwao kabla hatujapatwa sisi.

Mkimaliza ndani, tazameni uwanja. Vifuu vya nazi, makopo na matairi yanayokaa na maji huzaa mbu. Mbu wa namna hiyo walileta homa ya dengi Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Fukieni au geuzeni vifudifudi. Majivu yaliyobaki yamwageni katika shimo la choo kila siku, konzi mbili. Yanapunguza harufu na nzi.

VITU AMBAVYO HAVIFAI KABISA

Kuna ubahili mzuri na ubahili wa hatari. Kutumia majivu ni ubahili mzuri. Kutumia kopo la dawa ya nyanya kuwekea mafuta ya kupikia ni ubahili wa hatari.

Mgeta ni nchi ya kabichi, nyanya na njegere, na wakulima wake hutumia dawa za wadudu. Chupa na makopo ya dawa hayasafishiki kwa majivu, wala kwa mchanga, wala kwa sabuni. Sumu huingia ndani ya plastiki. Yasuuzwe mara tatu, na maji hayo yatiwe katika bomba la kupulizia yakapulizwe shambani. Kisha yatobolewe ili mtu asiyatumie tena, na mwulizeni bwana shamba mahali pa kuyapeleka. Bomba la kupulizia lisioshwe mtoni. Nguo za kupulizia dawa zifuliwe peke yake, mbali na nepi za mtoto.

Mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda. Mtoto huona soda. Mtoto akinywa mafuta ya taa, msimtapishe, kwa sababu yakirudi yanaingia mapafuni. Mleteni zahanati mara moja, na chupa mje nayo.

Wenye dawa ya klorini ya kufanyia nguo nyeupe wasiichanganye na limau, siki wala sabuni ya choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayobana kifua. Kila kitu kitumike peke yake.

Wengine wanataka kutengeneza sabuni wenyewe kwa soda kali. Ni jambo zuri kwa kikundi, linaleta hata kipato. Lakini lisianzwe kwa kubahatisha, maana soda kali inapofusha macho. Jifunzeni kwanza. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, limefundisha vikundi vingi kazi hiyo, na mkoa wetu una ofisi yake mjini Morogoro. Mwombeni afisa maendeleo ya jamii wa kata awaunganishe.

MAJI YETU YANANYWEWA NA WENGINE

Jambo jingine ni mahali pa kufulia. Mto Ruvu unazaliwa katika milima yetu. Unashuka mpaka tambarare, na maji yake hunywewa Pwani na Dar es Salaam. Mto Ngerengere nao unajaza bwawa la Mindu, linalowapa maji watu wa mji wa Morogoro. Sisi tunaokaa juu ndio wa kwanza kuyagusa maji hayo. Tukifulia ndani ya mto, tunamwaga uchafu wetu katika mtungi wa jirani.

Teka maji, panda nayo ukingoni, fulia mbali na mto. Maji ya sabuni yamwage kwenye mgomba. Tukitumia sabuni kidogo na kwa mpango, mto nao utapata nafuu.

KAZI HII NI YA NANI?

Nimebakiza neno moja, na huenda baadhi ya akina baba wasilipende. Usafi wa nyumba si kazi ya mama na binti peke yao. Mama anapanda mlima na ndoo kichwani, ana mtoto mgongoni, ametoka kulima. Tukimwongezea kuta, vitanda, choo na uwanja, tusishangae kama mambo mengine hayafanyiki.

Kichanja cha vyombo kinajengwa kwa panga. Panga analo baba. Ufa wa ukuta unazibwa na mwenye nguvu ya kukanda udongo. Kibuyu chirizi kinaweza kutengenezwa na kijana kwa nusu saa. Shimo la taka linachimbwa kwa jembe lilelile la shamba. Na mvulana ana mikono kama msichana, dodoki halichagui.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973. Mwaka huo ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili, nchi nzima, walikaa katika vikundi vya kisomo. Walisikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana. Kisha waliondoka wanaume kwa wanawake, wakachimba vyoo, wakafyeka majani na kusafisha visima. Hawakungoja duka. Walisoma, wakaelewa, wakatenda. Hiyo ndiyo maana ya kisomo chenye manufaa.

Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam mwezi wa nane, kikafika Morogoro na mikoa mingine mingi. Tarehe 9 Desemba mwaka huo Siku ya Uhuru iliadhimishwa kwa kufanya usafi badala ya gwaride. Lilikuwa jambo la maana. Lakini ufagio ulioshikwa kwa sababu ya hofu huwekwa chini hofu ikiisha. Mimi napenda ufagio unaoshikwa kwa sababu mtu ameelewa.

Basi, ewe uliyejifunza kusoma, usibaki na gazeti hili peke yako. Msomee jirani asiyejua kusoma. Msomee na mwenzako wa nyumbani. Halafu juma hili fanyeni mambo matatu tu. Tundikeni chupa ya maji ya sabuni karibu na choo. Jengeni kichanja. Ondoeni nyumbani kila kopo la dawa ya shamba.

Mtoto akihara hata hivyo, msikae naye nyumbani mkingoja. Mpeni maji ya chumvichumvi za ORS, endeleeni kumnyonyesha na kumlisha, na mleteni zahanati. Mlango uko wazi. Lakini mimi ningefurahi zaidi kuwaona njiani mkienda gulio, mtoto akiwa mgongoni, mzima na anacheka, kuliko kuwaona kwenye benchi langu.

Kinga ni bora kuliko tiba. Na kinga hii tunayo tayari: sabuni kidogo kwa mikono, majivu kwa sufuria, jua kwa matandiko.